Akila kwa Siri Usiku, Msimwite Mlafi

Saa saba za usiku nyumba nzima imelala. Mama anaamka, ananyata hadi jikoni, wala hawashi taa. Kwanza ni kipande kimoja tu cha mkate. Halafu mkate wote. Kisha wali uliobaki jioni, wa baridi, anaokula kwa mkono akiwa amesimama. Kisha karanga zilizonunuliwa mtoto aende nazo shuleni. Kisha sukari, kijiko kwa kijiko. Hasikii ladha. Tumbo linauma, lakini mkono hausimami. Baadaye anaosha sufuria, anafukia karatasi ya mkate chini kabisa ya pipa la taka, anarudi kitandani na kulia kimya kimya ili mumewe asisikie. Kukicha anaapa: leo sili kitu.

Msomaji mpendwa, habari hii hatukuisoma kitabuni. Tuliisikia katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa letu, hapa Dar es Salaam, kutoka kwa mama mmoja fundi cherehani. Alipomaliza kuieleza, tulitazama huku na huku. Akina mama walikuwa wanane. Watatu walikuwa wameinamisha vichwa, kwa sababu alikuwa ameusimulia usiku wao.

Sisi tulioongoza kikundi hicho ni wauguzi wawili na mama mchungaji wetu. Hatukuwa wataalamu wa saikolojia. Tulikutana kila Jumamosi kwa majuma kumi na sita, na muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali alikaa nasi mara moja kwa mwezi kutusahihisha. Fundi ametupa ruhusa ya kuandika habari zake, ila tusitaje jina wala mtaa.

ULAFI AU UGONJWA?

Kiswahili kina maneno mengi ya kumcheka anayekula sana. Ni mlafi, ni mroho, anafakamia, anabugia. Neno la kumhurumia hatukuliona. Basi akina mama wenyewe walijitungia lao. Walisema "kufagia". "Jumanne nilifagia," mmoja angesema, na wote wakaelewa bila kuuliza zaidi.

Hebu tuelewane. Mtu aliyekula sahani tatu za pilau harusini, akacheka na wenzake na kulegeza mshipi, huyo si mgonjwa. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Tunayemzungumza hapa ni yule ambaye kwa muda mfupi, kama saa mbili hivi au pungufu, hula chakula kingi kuliko watu wengi wangeweza kula, huku akihisi hawezi kuacha hata akitaka. Hula upesi. Hula bila njaa. Hula mpaka aumie. Hula peke yake kwa kuona aibu, kisha hujichukia. Hali hiyo ikimpata angalau mara moja kila juma kwa miezi mitatu, madaktari huita ugonjwa. Hajitapishi wala hanywi dawa za kuharisha ili kutoa alichokula; anayefanya hivyo ana ugonjwa mwingine ulio jamaa ya huu, na una hatari zake. Wala si lazima awe mnene. Kikundini mwetu wawili walikuwa wembamba kabisa, na huko nyumbani hakuna aliyewashuku.

Daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliieleza hali hii tangu mwaka 1959. Hata hivyo ni mwaka 2013 tu ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikubali kuuandika kama ugonjwa unaojitegemea, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, nayo inao. Kwa hiyo wauguzi tuliosoma diploma zetu zamani hatukufundishwa lolote juu yake.

Tena kwetu kuna jambo linaloficha zaidi. Mwanamke akinenepa watu husema amenawiri, mumewe anamtunza. Utamwambia nani kwamba unalia usiku kwa ajili ya sufuria?

MZANI MBELE YA BENCHI

Lazima tuseme kosa letu. Miaka ya nyuma, kliniki tuliyokuwa tukifanya kazi ilikuwa na mzani mmoja, mbele ya benchi wanaposubiri wagonjwa. Mmoja wetu alipima, mwingine aliandika, na kilo zilitajwa kwa sauti. Siku moja tulimpima mama mmoja, tukataja kilo zake, benchi likacheka. Tukamwambia, "Mama, punguza kula. Jaribu hata mara moja tu kwa siku." Tuliona tumemhudumia vizuri.

Mama yule ndiye fundi wetu. Alitukumbusha katika juma la pili la kikundi, kwa upole, huku akizungusha pete kidoleni. Hakurudi kliniki kwa miaka miwili, na wakati huo wote shinikizo lake la damu halikutibiwa. Na shauri letu alilifuata! Alikunywa chai kavu asubuhi, mchana hakula, alasiri hakula. Usiku ndipo alipolipa deni lote.

Hatukuwa na la kusema. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele ya watu ndipo tulipomwaibisha.

NJAA YA MCHANA

Kwa nini anayejinyima mchana hushindwa usiku? Je, ni kukosa nidhamu? Sikilizeni habari ya vijana wa Minnesota.

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, chuo kikuu cha jimbo hilo la Marekani kilianza kazi na vijana wa kiume 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kubeba silaha, wengi kwa sababu ya imani, nao walitoka katika makanisa kama ya Quaker, Mennonite na Brethren. Walijitolea kushindishwa njaa ili Profesa Ancel Keys na wenzake wajifunze namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita. Kwa miezi sita walipewa kama nusu ya chakula walichozoea. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini si miili tu iliyobadilika. Waliota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa wakali na wapweke. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba.

Hao hawakuwa walafi. Tuliposimulia habari yao, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa kikundini alisema, "Kumbe hata mwanamume aliyekataa bunduki anashindwa na mkate." Wote wakacheka, na kicheko hicho kilitusaidia kuliko somo zima tulilokuwa tumeliandaa.

Mwili ulioshindishwa njaa hudai chake. Hilo ndilo jambo la kwanza. La pili ni huzuni, hasira na upweke, ambavyo hutafuta mahali pa kutulia. Na kwa mama ambaye hawezi kulia wala kusema, jikoni ni karibu.

KIKUNDI KINAVYOFANYA KAZI

Njia tuliyoifuata hatukuibuni. Profesa Christopher Fairburn wa Oxford, Uingereza, aliifanyia kazi kwa miaka mingi na mwaka 1995 akaiandikia kitabu watu wa kawaida. Mwongozo wa matibabu uliotolewa Uingereza mwaka 2017 unasema kikundi cha aina hii kikutane mara 16, mara moja kwa juma, dakika 90 kila mara. Mwongozo huo unasema pia kwamba mgonjwa aelezwe wazi kuwa lengo si kupunguza uzito.

Basi sheria ya kwanza ilikuwa: hakuna mzani wala kutaja kilo. Ya pili: linalosemwa chumbani halitoki, hata kwa mchungaji, ingawa mkewe yumo. Ya tatu tuliiongeza baada ya mama mmoja kuja na mkoba wa majani ya chai ya kupunguza unene, akitaka kutuuzia. Tulimkaribisha akae, majani yabaki nyumbani.

Kila mmoja alipewa daftari la shule. Humo aliandika alichokula, saa ngapi, alikuwa wapi, na nini kilitangulia. Si wote waliopenda kuandika. Mmoja, ambaye bintiye hupekua kila kitu, alichora alama zake mwenyewe: jua, mwezi, ufagio.

Kisha likaja jambo gumu kuliko yote, nalo ni kula. Asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, pasipo kupitisha kama saa nne bila chakula. Waliogopa! "Nikianza asubuhi sitaacha hadi usiku," alisema mwalimu. Mwingine akauliza pesa ya vitafunio itoke wapi, na swali lake lilikuwa la haki. Tulihesabu pamoja. Kipande cha muhogo wa kuchemsha, kiporo cha viazi, ndizi moja. Ndipo likajitokeza jambo ambalo halikuwamo katika vitabu vya Oxford: karibu wote walikuwa wakijipakulia mwisho. Baba kwanza, watoto, wageni, na mama hukwangua chungu. Juma hilo kazi ya nyumbani ilikuwa moja tu, kujipakulia kabla chakula hakijaisha. Wawili walirudi wakisema mama mkwe aliwatazama vibaya. Mmoja alisema hakuna aliyegundua.

Baada ya majuma matano daftari zilianza kusema zenyewe. Mama muuza vitenge aliona kwamba ufagio wake ulitokea kila mwisho wa mwezi. Kwa nini? Mwisho wa mwezi wifi yake huja kuomba pesa, naye hawezi kusema sina. Humpa, hutabasamu, humsindikiza hadi kituoni, na usiku hufagia. Tulifanya igizo. Mama mchungaji akawa wifi, na kusema kweli aliuweza uwifi kuliko tulivyotarajia. Muuza vitenge alijaribu mara nyingi kabla sauti haijatoka: "Wifi, mwezi huu sina. Karibu chai."

Pengine msomaji atauliza, maigizo ya wifi yana uhusiano gani na kula? Uhusiano upo, tena umepimwa. Mwaka 2002 Denise Wilfley na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya watu 162 wenye ugonjwa huu. Nusu yao, watu 81, walifundishwa kikundini namna ya kubadili ulaji na mawazo yao. Nusu nyingine walizungumza kikundini juu ya misiba, ugomvi na mahusiano yao. Baada ya majuma 20, waliokuwa wameacha kabisa ni 64 katika kundi la kwanza na 59 katika la pili. Mwaka mmoja baadaye walikuwa 48 na 50. Maana yake njia zote mbili zinasaidia karibu sawa, na pia kwamba wapo wanaorudi nyuma.

Njia hiyo ya pili si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2002 ilijaribiwa katika vijiji vya Masaka na Rakai huko Uganda, si kwa ugonjwa wa kula bali kwa watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Vikundi vilikutana kwa majuma 16, na viongozi wake hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofundishwa kwa majuma mawili. Hali za wagonjwa zilipata nafuu kubwa kuliko za wale wa vijiji ambavyo havikupata vikundi. Habari hiyo ndiyo iliyotupa ujasiri wa kufungua chumba chetu cha nyuma.

JUMA LA SABA

Katika juma la saba kanisa lilitangaza mfungo wa siku ishirini na moja, kila siku hadi saa kumi na mbili jioni.

Fundi alikuja mapema Jumamosi ile. "Nisipofunga wataniuliza kwa nini. Nikifunga nitafagia." Kikundi kiligawanyika. Mama mmoja wa makamo alisema asiyeweza kumfungia Mungu hawezi kupona chochote. Mwalimu akamjibu kwa hasira. Hata sisi viongozi hatukuwa na neno moja. Wauguzi tulisema ni sawa na mgonjwa wa kisukari, aachwe ale. Mama mchungaji aliona nadhiri ni ya mtu mwenyewe, hatuwezi kumwamulia. Tulimwacha aende bila jibu, na jambo hilo linatusumbua hadi leo.

Alifunga. Siku tano alishinda. Usiku wa sita alikula mkate wa watoto wa asubuhi, chakula cha akiba, sukari yote. Mumewe akaamka, akawasha taa.

Hakumpiga wala hakumtukana. Alisimama mlangoni, akasema, "Kumbe ni wewe. Na yule binti tulimfukuza."

Miezi minane kabla, sukari na mikate vilipokuwa vikitoweka, walimshuku binti wa kazi. Aliondoka akilia, mshahara wa mwezi mmoja ukazuiwa kulipia hasara. Fundi alikuwa anajua. Alinyamaza.

Majuma matatu hakuonekana. Mama mchungaji alikwenda kwake, hakuuliza habari ya chakula. Alimpelekea gauni la kupunguza mikono, akakaa naye akishona. Juma la kumi na moja alirudi, akatueleza habari ya binti. Hapakuwa na aliyemwambia pole, na hapakuwa na aliyemlaumu. Mwishowe yule mama wa makamo, yule wa mfungo, ndiye aliyeuliza, "Kwao ni wapi?"

Tunataka ieleweke. Kumwita mtu mgonjwa si kumfutia kila alilotenda. Kula kulimshinda, lakini kunyamaza binti alipofukuzwa lilikuwa jambo jingine, naye alijua, na nusu ya aibu iliyomrudisha sufuriani usiku ilitoka huko. Mama wa makamo alisafiri naye kwa basi hadi kijijini. Alilipa mshahara uliozuiwa na mwingine juu yake, akasema mbele ya wazazi kwamba binti yao hakuiba. Mama wa binti aliwapokea, akawapa maji. Binti mwenyewe hakutoka ndani.

Juu ya mfungo, tulimwendea mchungaji bila kutaja jina la mtu. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, wanaokunywa dawa, na wale ambao chakula ni vita kwao, wafunge kwa njia nyingine, na asiwepo wa kuwauliza sababu. Tangazo hilo lingefaa kutolewa siku ya kwanza.

WALIPUNGUA?

Hili ndilo swali tunaloulizwa mara nyingi. Hatujui, hatukuwapima. Wataalamu wanasema anayeacha kufagia mara nyingi hapungui sana uzito. Tunachojua ni daftari. Kati ya wanane, mmoja aliondoka juma la nne, hakurudi, na tulipomtafuta hakutaka kuonwa. Watano walimaliza mwezi wa mwisho bila kufagia hata mara moja. Wawili walifagia mara chache kuliko zamani. Miezi sita baadaye mmoja wa wale watano alikuwa ameanza tena, baada ya msiba, naye alikuja mwenyewe kutuambia.

Kuna wasiofaa kusubiri kikundi. Anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha hupoteza chumvi za mwili ambazo moyo unazihitaji, naye akihisi moyo kwenda mbio au kuzirai aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano huku akiruka milo, mjamzito, na yeyote anayewaza kujiua. Huyu wa mwisho asiachwe peke yake hata akisema amepata nafuu, mpelekeni.

Kliniki tunakofanya kazi sasa mzani tumeuweka nyuma ya pazia, na kilo huandikwa bila kutajwa. Kikundi cha pili kimeanza, akina mama kumi na mmoja, kila Jumamosi saa nane mchana. Fundi huja kusaidia kupanga viti. Saa tisa chai huletwa pamoja na mihogo ya kuchemsha, na sisi tunaoongoza tunakula nao.